Shajara ya mradi: podikasti ya habari za dunia, kutoka barazani Kibokoni, Mombasa

Shajara hii naiweka kwa yeyote anayetaka kuanzisha kipindi kama chetu na hana studio wala mfadhili. Tuko watatu: mimi ninayerekodi na kuhariri, Ami aliyefanya kazi bandari ya Kilindini mpaka akastaafu, na binamu yangu anayeishi Muscat. Naongeza maandishi kila hatua ikikamilika. Yaliyokwenda sawa nayapitia mbio. Yaliyoharibika nayaandika kwa kirefu, maana ndiyo yaliyotula pesa na usingizi.

9 Februari 2025: rekodi ya kwanza, ya kutupwa

Tangu mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, uanguke mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, hapajapita jioni barazani kwa Ami bila Kongo kuzungumzwa. Jana viongozi wa Afrika Mashariki na wa SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, walikuwa Dar es Salaam kwa kikao cha pamoja, na leo kila mtu ana lake la kusema. Nikaona maneno yote haya yanapotea bure, si tuyanase. Nikaweka simu juu ya sinia ya kahawa, nikabonyeza.

Nimepata saa moja na dakika arobaini za zogo. Watu sita wanasema kwa pamoja, tuktuk zinapita, muuza kahawa anagonganisha vikombe vyake kama kawaida ya wauza kahawa. Kibaya kuliko vyote ni sinia yenyewe. Ni ya bati, na kila kikombe kikiwekwa juu yake rekodi inapata kishindo kama cha kombora. Kwa kipindi cha vita vya Goma, msikilizaji angedhani tumetia vikolombwezo makusudi.

Faili lilikuwa la MB 144. Rafiki niliyemtumia alinijibu kwa neno moja: "Bando."

Lakini kasoro iliyonikera zaidi haikuwa ya sauti. Nilipokaa kusikiliza nilihesabu neno "nasikia" mara 31. Nasikia Rwanda imefanya hivi, nasikia Wafaransa wamesema vile. Barazani linapita, kwani sote twajua ni porojo za jioni. Kwenye kipindi linageuka habari. Tumekubaliana kuwa anayeleta neno ataje limetoka kinywani mwa nani: Kinshasa inasema, Kigali inakanusha, wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika. Ami alinuna kidogo, akakubali.

Gharama: kahawa tungu na kashata, KSh 200. Simu ninayo.

18 Februari: kosa la kura 33

Tumehamia chumba cha ndani. Magodoro mawili yamesimamishwa ukutani, blanketi limetundikwa mlangoni, feni imezimwa. Tunatoka jasho, ila sauti sasa ni ya binadamu. Nahariri kwa Audacity, haina malipo.

Kipindi cha kwanza kupandishwa kilihusu uchaguzi wa mwenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, uliofanyika Addis Ababa Jumamosi tarehe 15. Hapa Mombasa habari hiyo haikuhitaji kutangazwa: Raila Odinga alikuwa mgombea, na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti akaibuka mshindi. Nikasema kwa ujasiri wote kwamba Raila alishindwa kwa kura 33 dhidi ya 22.

Si kweli. Msikilizaji mmoja alinitumia ujumbe kabla hata sijalala. Raundi ya sita ilikuwa Youssouf 26, Raila 22. Zile 33 ni za raundi ya saba, Raila akiwa ameshaondolewa na Youssouf yuko peke yake mbele ya wapiga kura. Nilichukua namba mbili za raundi mbili nikazifungisha ndoa.

Kosa lingeishia kwenye tarakimu ningelimeza, lakini lilificha kisa chenyewe. Mshindi anahitaji thuluthi mbili. Umoja una wanachama 55, sita walikuwa wamesimamishwa, hivyo waliopiga kura ni 49, na thuluthi mbili ya 49 ni 33. Youssouf aliipata hiyo 33 bila hata moja ya ziada. Raila aliongoza raundi ya kwanza kwa 20 dhidi ya 18, na Richard Randriamandrato wa Madagascar akiwa na 10. Upepo ulibadilika raundi ya tatu, Youssouf akampita Raila hata kabla huyo wa tatu hajatolewa. Ndiyo hadithi waliyotaka kuisikia watu wa hapa, na mimi niliiruka kwa namba ya uongo.

Tulirekebisha hivi: kipindi cha pili kilianza kwa dakika mbili za kusema tulikosea wapi, kabla ya salamu. Ami alipendekeza tufute kipindi kimyakimya. Nilikataa kwa adabu, nikamwambia watu 60 wameshakisikia na watakwenda kubishana nacho. Pia nimenunua daftari la KSh 80. Kila namba itakayotamkwa huandikwa humo kwanza, na kando yake jibu la swali "namba hii ni ya lini na ya nini?"

23 Machi: vifaa, na binamu wa Muscat

Ramadhani imetupangia ratiba, twarekodi baada ya tarawehe. Vifaa havina hadithi ndefu. Nilinunua maiki ndogo ya kubana shatini kwa KSh 1,200, ikawa inavuma kama nyuki, pesa imekwenda. Nikapata maiki ya USB iliyotumika kwa KSh 4,500, kishikio 900, sponji yake 250, na pawabenki ya KSh 2,800 kwa siku stima zikipotea. Sasa natoa faili la sauti ya njia moja, kilobiti 64 kwa sekunde. Nusu saa inakuwa kama MB 14 tu. Malalamiko ya bando yamekwisha.

Binamu ndiye aliyetusumbua. Siku ya kwanza tulipatana "saa tatu usiku" bila kusema za wapi. Muscat iko saa moja mbele yetu. Alikaa saa tatu yake, akangoja, akalala. Mimi saa tatu yangu napiga, simu inaita tu. Sasa tunaandika "saa tatu ya Mombasa", hata kwenye ujumbe wa utani.

Kurekodi kupitia simu ya intaneti kulishindikana, sauti ilikuwa ikikatika na kurudi kama ya roboti. Tulichofanya ni kila mtu kujirekodi kwenye simu yake huku tukisikilizana kwa simu nyingine, kisha ananitumia faili lake. Mara ya kwanza alituma kwa WhatsApp kama voisi, ikafika imebanwa na kupoteza uhai. Tuma kama hati, si kama voisi. Ili kulinganisha faili mbili tunapiga kofi moja mwanzoni, pah, naona alama kwenye mchoro wa sauti na kuziweka sambamba. Kofi la mwanzo halikutosha. Baada ya dakika arobaini faili zilikuwa zimeachana karibu sekunde nzima, Ami anacheka kabla mzaha haujasemwa. Sasa tunapiga kofi mwanzo na mwisho.

Jambo moja la kando. Katikati ya mwezi huu idhaa ya Kiswahili ya VOA, Sauti ya Amerika, ilinyamaza, baada ya Washington kuwapeleka likizo wafanyakazi wake. Bibi yangu alikuwa akiifungua kila jioni. Siku tatu alidhani redio imeharibika, akanituma nipeleke kwa fundi.

20 Aprili: mchele haupiti Bab el-Mandeb

Hili ndilo kosa ninaloona wengine watalirudia, kwa hiyo nakaa nalo.

Tangu katikati ya Machi Marekani imekuwa ikiwashambulia Wahuthi, kundi la wapiganaji nchini Yemen. Nikaandaa kipindi kuhusu Bahari ya Shamu. (Binamu alitaka tuseme "Bahari Nyekundu" kama magazeti. Ami akasema yeye alizaliwa akaikuta ni ya Shamu na atakufa akiiacha ni ya Shamu. Tumekwenda na Ami.) Nikaeleza jinsi Wahuthi walivyoiteka meli ya Galaxy Leader tarehe 19 Novemba 2023, jinsi makampuni makubwa yalivyoanza kuzungushia meli Rasi ya Tumaini Jema, na safari ya Asia hadi Ulaya ikaongezeka siku kumi au zaidi. Yote sawa. Halafu nikafunga kwa kusema: ndiyo maana mchele wa Pakistan umepanda bei hapa Mwembe Tayari.

Ami aliweka kikombe chini.

"Mwanangu, Karachi iko wapi?"

"Pakistan, Ami."

"Na meli ikitoka Karachi kuja Kilindini inapita Yemen kufanya nini? Kuzuru?"

Nikafungua ramani kwenye simu. Karachi inatazama Bahari ya Arabu. Meli inashuka kusini-magharibi mpaka hapa na Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu, inabaki mbali upande wa kulia, haina haja nayo. Ni njia ileile ya majahazi ya msimu. Babu zetu wa Mombasa waliijua bila satelaiti, mimi na intaneti yangu nikaipoteza.

Tulisimamisha rekodi, tukachukua karatasi, na Ami akaanza kupanga bidhaa moja moja kwa njia yake. Ngano ya Urusi na Ukraine inatoka Bahari Nyeusi, inapita Suez na kushuka Bahari ya Shamu: hiyo inaguswa. Chai ya mnada wa hapa Mombasa ikienda Misri au Uingereza inaguswa. Chai hiyohiyo ikienda Pakistan, mnunuzi wetu mkubwa, haiguswi. Mafuta yanatoka Ghuba kupitia mlango-bahari wa Hormuz, kati ya Iran na Oman, ni mlango mwingine kabisa. Mitumba ya Ulaya inaguswa. Mchele wa Karachi, hapana.

Nilijitetea kidogo. Meli zikizunguka Afrika nzima hukaa baharini muda mrefu, kontena zinaadimika na nauli inapanda hata kwenye njia zisizo na vita. Ami alikubali, "lakini hilo sema hivyo, usiseme Mhuthi kakuzuilia pilau." Tulirekodi upya. Toleo la pili ndilo lililosambaa kuliko yote, na sehemu iliyotumwa zaidi ni Ami akiuliza Karachi iko wapi. Nilikuwa nimepanga kuikata.

Tangu siku hiyo hatutaji bei ya kitu kabla ya kuchora njia yake kwa kalamu.

11 Mei: kuwa karibu si kuwa na habari

Tarehe 12 Aprili wajumbe wa Marekani na Iran walikutana Muscat kuhusu nyuklia ya Iran, Waziri wa Mambo ya Nje wa Oman, Badr al-Busaidi, akipeleka maneno ya upande huu kwa upande wa pili. Tarehe 6 Mei Oman ikatangaza tena kwamba imepatanisha Marekani na Wahuthi waache kushambuliana. Wasikilizaji wakaanza kumwandikia binamu: wewe uko hapohapo, tupe ya ndani.

Kwa kipindi kimoja alijaribu kuwapa. Akasema hali mjini ni "ya matumaini". Nikamuuliza nje ya rekodi ameyaona wapi hayo matumaini. Akanyamaza, akasema: "Yakhe, siku ya mazungumzo nilikuwa kazini Ruwi, nikasoma habari kwenye simu kama wewe." Nikakikata kipande. Tumekubaliana asimulie anachokiona kweli: watu kazini wanasema nini, vituo vya huko vinaipa habari uzito gani, Kiarabu cha tangazo rasmi kinatumia neno gani. Hili la mwisho limetufaa. Tangazo la tarehe 6 Mei lilihusu Marekani na Wahuthi na usalama wa meli. Israel haikutajwa kama upande, na kwa kweli Wahuthi waliendelea kuirushia makombora. Tungeenda na vichwa vya habari tungesema vita vya Bahari ya Shamu vimekwisha.

1 Juni: turufu au dhumna

Kipindi cha Haiti. Polisi wa Kenya walifika Port-au-Prince Juni 2024 kusaidia kupambana na magenge, na wasikilizaji walitaka kujua waliidhinishwa vipi. Nilisema makosa mawili ndani ya dakika moja: kwamba ni kikosi cha Umoja wa Mataifa, na kwamba nchi zote 15 za Baraza la Usalama ziliafiki.

Aliyenisahihisha ana ndugu yake huko. Aliniandikia kwa hasira, na alikuwa na haki. Wale hawavai helmeti za buluu. Baraza liliruhusu ujumbe huo kwa azimio 2699 la tarehe 2 Oktoba 2023, lakini fedha zake zilitegemea michango ya hiari, si bajeti ya ulinzi wa amani ya Umoja wa Mataifa. Kwa familia tofauti hiyo si ya vitabuni, inahusu vifaa na magari. Kura nazo zilikuwa 13. Urusi na China zilijizuia.

Hapo tukakwama kwenye lugha. Nilieleza kwamba nchi tano zina kura ya turufu, azimio linahitaji kura tisa, na mwenye turufu akijizuia hajalizuia azimio. Maalim, jirani yetu aliyekuja kusikiliza tu, hakukubaliana na neno lenyewe. "Turufu kwenye karata inakula. Ukiitupa unachukua zilizoko mezani. Hii ya New York inachukua nini? Haichukui kitu, inazuia wengine wasicheze. Hiyo ni kufunga dhumna."

Sijapata maelezo bora kuliko hayo. Kipindini tunasema "kura ya turufu", kwani ndiyo iliyozoeleka redioni, ila tukiitaja mara ya kwanza tunaongeza mfano wa dhumna. Maombi ya kufafanua yamekwisha.

25 Juni: kipindi kilichozaliwa maiti

Jumapili tarehe 22 tuliamka na habari kuwa Marekani imepiga vituo vya nyuklia vya Iran vya Fordow, Natanz na Isfahan. Tukarekodi mchana huohuo, dakika hamsini, motomoto: Je, Iran itafunga Hormuz? Karibu moja ya tano ya mafuta ya dunia hupita pale. Petroli ya Kenya itakuwaje bei mpya itakapotoka tarehe 14 Julai? Kilikuwa kipindi kizuri kuliko vyote tulivyofanya. Binamu alikuwa amekaa upande wa pili wa maji hayohayo, na sauti yake ilionyesha.

Jumatatu stima zilipotea Kibokoni tangu asubuhi mpaka magharibi. Nikamalizia kuhariri usiku. Usiku huohuo wa kuamkia tarehe 24 Trump akatangaza kusitishwa kwa mapigano kati ya Israel na Iran. Nilikuwa nimeshapanga kipindi kijipandishe saa kumi na mbili asubuhi, nikalala. Kikapanda chenyewe. Kufikia saa mbili nina ujumbe 19, wa kwanza unauliza kama tunatangaza kutoka wiki iliyopita.

Nilifikiria kukifuta. Badala yake nilikisikiliza na kalamu mkononi, nikaandika dakika ipi imekufa na ipi iko hai. Kati ya dakika 50, zilizokufa zilikuwa 22, zote za kubashiri. Zilizo hai ni zile za kueleza: upana wa mlango, nani anapitisha mafuta pale, Kenya inanunua vipi kutoka makampuni ya Saudia na Imarati, kwa nini bei ya pampu hubadilika mara moja kwa mwezi.

Kwa hiyo sasa tunarekodi kwa vipande viwili. Kipande cha maelezo tunakinasa mapema, hakina maneno "leo" wala "jana". Kipande cha habari, dakika sita au saba, tunakinasa alfajiri ya siku ya kupandisha na kukibandika mbele. Hakuna kupanda chenyewe, mtu awe macho. Utabiri tumeupiga marufuku, isipokuwa Ami, anayeruhusiwa mmoja kwa kipindi, na tunauandika daftarini na tarehe.

27 Julai: jaribio la mfumo mpya

Kongo na Rwanda zimetia saini makubaliano ya amani Washington tarehe 27 Juni, na Kinshasa na M23 wametia saini tamko la kanuni Doha tarehe 19 Julai. Kwa mtindo wa zamani tungepiga vigelegele mara mbili. Safari hii daftari lilituuliza: nani ametia saini, na karatasi inaitwaje? Washington walisaini mawaziri wa nchi mbili, M23 hawamo. Doha ni tamko la kanuni, yaani wamepatana watapatana. Tulitumia dakika kumi kutofautisha tamko, makubaliano na mkataba, na msikilizaji mmoja wa Bukavu akatuandikia kwamba kwake tofauti hiyo ni kama barabara inapitika au haipitiki.

Kazi ilikwenda bila tatizo. Sina zaidi.

5 Oktoba: hesabu, na vipindi viwili siku moja

Tarehe 30 Septemba yalitokea mawili: muda wa AGOA, sheria ya Marekani ya 2000 iliyoruhusu nguo zetu kuingia bila ushuru, ulikwisha, na Baraza la Usalama limepitisha azimio 2793 la kuubadilisha ujumbe wa Haiti kuwa kikosi cha kupambana na magenge, kwa kura 12, huku Urusi, China na Pakistan zikijizuia. Vipande vya maelezo vya yote mawili tulikuwa navyo tangu Agosti. Alfajiri tulinasa dakika saba kwa kila kimoja, na kufikia saa tatu vyote viko juu. Yule mwenye ndugu Port-au-Prince ndiye tuliyempigia kwanza kuhakiki.

Hesabu mpaka sasa, vipindi 17: vifaa KSh 9,650 pamoja na maiki iliyokufa, bando KSh 8,000 kwa miezi minane, kahawa na kashata KSh 3,400, daftari 80. Jumla KSh 21,130. Mapato hakuna, isipokuwa duka moja la mchele Mwembe Tayari limejitolea kutudhamini kahawa ya mwezi mmoja. Mwenye duka alisikia kile kipindi cha Karachi. Sharti lake ni kwamba Ami asiulizwe tena kuhusu bei ya pishori.